Printa ikikataa kuchapisha, kagua draiva kabla ya kuilaumu

Ni siku mbili kabla ya makataa ya kurejesha fomu za basari. Wazazi wamepiga foleni nje ya ofisi ya wadi tangu asubuhi. Ndani, karani amepokea printa iliyohamishwa kutoka ofisi nyingine, ameiunganisha na kompyuta kwa kebo na kuagiza fomu ya kwanza. Printa inaguruma, inatoa karatasi yenye mstari mmoja wa alama zisizosomeka, kisha ya pili, ya tatu, hadi trei inabaki tupu. Mmoja anasema printa imekufa. Mwingine anashauri wino ubadilishwe. Kufikia saa sita, wazazi wanaelekezwa kwenye saiba ng'ambo ya barabara, ambako kila ukurasa unalipiwa.

Mfano huu utaeleweka na yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya umma, zahanati au shule. Lakini dalili hiyo ya alama zisizosomeka haimaanishi kwamba printa imekufa, wala haihusiani na wino. Mara nyingi printa ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni draiva inayofaa, na kuiweka ni kazi ambayo karani anaweza kuikamilisha chini ya saa moja akijua hatua zake, na afisa wa TEHAMA akiwa karibu kuidhinisha.

Draiva ni nini hasa?

Katika baraza la chifu, mgeni anapozungumza lugha ambayo wazee hawaielewi, husimama mkalimani kati yao. Mkalimani akiwa wa lugha nyingine kabisa, maneno yatasikika lakini hakuna atakayeelewa. Draiva ni mkalimani huyo. Ni programu ndogo inayochukua hati kutoka kwenye kompyuta na kuigeuza kuwa amri ambazo printa inazielewa: weka herufi hii hapa, chora mstari pale, vuta karatasi, igeuze upande wa pili.

Printa hazizungumzi lugha moja. Nyingi za ofisini hutumia lugha iitwayo PCL, iliyobuniwa na kampuni ya HP. Nyingine hutumia PostScript, iliyobuniwa na kampuni ya Adobe. Epson ina lugha yake, ESC/P. Tena ziko printa za bei nafuu ambazo hazina lugha kamili ndani yake. Hutegemea kompyuta iandae ukurasa wote na kuzikabidhi ukiwa tayari. Printa za namna hiyo haziwezi kufanya kazi bila draiva yake halisi.

Hapo ndipo zinapotoka zile karatasi za ajabu. Kompyuta ikituma amri za PostScript kwa printa inayojua PCL pekee, printa hudhani amri hizo ni maandishi ya kawaida na kuyachapisha jinsi yalivyo. Karani akiona ukurasa unaoanza na alama kama %!PS au @PJL, hiyo ni karibu hakika kwamba draiva iliyowekwa si yake. Kubadilisha wino hakutasaidia.

Kwanza, mkosaji ni nani?

Kabla ya kugusa draiva, ni vyema kujua kama tatizo liko kwenye printa au kwenye kompyuta. Kwa printa inayotoa pia nakala, jaribio ni rahisi: chomoa kebo ya kompyuta, weka karatasi iliyoandikwa juu ya kioo, kisha bonyeza kitufe cha kutoa kopi. Kopi ikitoka safi, basi wino upo, karatasi inavutwa vizuri na mashine ni nzima. Kosa litafutwe upande wa kompyuta, kebo au draiva.

Kwa printa isiyotoa kopi, watengenezaji wengi wameweka njia ya kuchapisha ukurasa wa majaribio kwa kubonyeza vitufe vya printa yenyewe. Vitufe hivyo hutofautiana, na maelezo yake yamo kwenye kijitabu kilichokuja na mashine.

Jaribio hili la dakika mbili lina uzito katika matumizi ya fedha za umma. Printa iliyotangazwa mbovu huishia stoo, na maombi ya kununua nyingine huanza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa kuondoa mali isiyotumika, na hatua ya kwanza ya busara ni kuthibitisha kwamba mali hiyo kweli haifai. Printa nzima inayokaa stoo kwa kukosa programu isiyolipiwa hata senti ni hasara kwa mlipa ushuru.

Hatua ya kwanza: jina kamili la printa

Haitoshi kusema "ni ile HP nyeusi" au "ni Epson ya tangi". Jina kamili la modeli huwa mbele ya printa au kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini yake. Liandikwe lote, pamoja na herufi za mwisho, kwa sababu herufi hizo zina maana.

Kwa mfano, HP LaserJet P1102 na P1102w zinafanana kwa macho, lakini ile yenye w inaweza kuunganishwa bila waya. Epson L3210 hutumia kebo pekee, ilhali L3250 ina Wi-Fi. Kwa printa za Kyocera, P2040dn huchapisha tu, nayo M2040dn huchapisha, hutoa kopi na kuskani. Herufi d mara nyingi huonyesha uwezo wa kuchapisha pande mbili za karatasi, na n uwezo wa kuunganishwa na mtandao wa ofisi kwa kebo. Mtu akichukua draiva ya modeli jirani, huenda printa ikachapisha lakini ikakataa kuskani, au isitambuliwe kabisa. (Majina haya yametolewa kama mifano tu, si mapendekezo ya ununuzi.)

Hatua ya pili: kompyuta ni ya aina gani?

Draiva huandikwa kwa ajili ya mfumo maalumu wa kompyuta. Kwenye kompyuta za Windows 10 na Windows 11, karani afungue "Settings", aingie "System", kisha "About". Hapo atasoma mambo mawili: toleo la Windows, na kama mfumo ni wa biti 32 au biti 64. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, lakini baadhi ya kompyuta za zamani bado zina mfumo wa biti 32. Draiva ya biti 64 haiwezi kuwekwa kwenye mfumo wa biti 32, wala ile ya biti 32 haitafanya kazi kwenye mfumo wa biti 64.

Mambo haya matatu, yaani jina la printa, toleo la Windows na idadi ya biti, yaandikwe kwenye karatasi moja. Hata karani akiamua kumpigia simu afisa wa TEHAMA wa kaunti ndogo, hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayoulizwa.

Hatua ya tatu: ondoa draiva isiyofaa

Draiva mpya ikiwekwa juu ya ile mbovu, kompyuta inaweza kuendelea kutumia ile ya zamani. Kwa hivyo karani aingie "Settings", sehemu ya "Printers & scanners", achague printa husika na kubofya "Remove". Kazi zote zilizokwama kwenye foleni ya uchapishaji zifutwe pia, la sivyo printa itarudia kutoa alama zile zile mara tu itakapowashwa.

Kuondoa jina la printa hakuondoi faili za draiva yenyewe. Afisa wa TEHAMA anaweza kuzifikia kwa kushikilia kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika printui /s /t2 na kubonyeza Enter. Orodha ya draiva zote zilizomo itafunguka, na isiyohitajika itaondolewa pamoja na faili zake.

Hatua ya nne: mwachie Windows ajaribu

Printa nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji mtu kutafuta chochote. Kompyuta ikiwa na intaneti, unganisha printa, iwashe, kisha subiri dakika chache. Windows hutafuta draiva yenyewe. Isipotokea, rudi "Printers & scanners" na ubofye "Add device".

Zipo pia printa zinazotumia utaratibu wa pamoja ambao hauhitaji draiva ya mtengenezaji. Ndio unaowezesha simu za Android kuchapisha kwenye printa yenye alama ya Mopria, na simu za iPhone kuchapisha kupitia AirPrint. Ofisi inaponunua printa mpya, ni vyema kuangalia kama ina alama hizo, kwani matatizo ya draiva hupungua sana.

Hatua ya tano: pakua kwa mtengenezaji mwenyewe

Windows ikishindwa, draiva itafutwe kwenye tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza printa. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika zoezi hili.

Mtu anapoandika jina la printa na neno "draiva" kwenye mtandao, matokeo ya kwanza mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa au tovuti za watu wengine. Baadhi hutoa programu inayodai kuwa imepata kasoro nyingi kwenye kompyuta na kuomba malipo ya kuzirekebisha. Nyingine hubeba virusi vinavyoiba nywila au kufunga faili zote hadi fidia ilipwe. Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti haitoshi kuwa ushahidi wa usalama, kwa kuwa hata matapeli huweza kuipata.

Kompyuta ya ofisi ya wadi si kifaa cha kuchezea. Ina nambari za vitambulisho vya wazazi, majina ya watoto wanaoomba basari, pengine hata vyeti vya vifo vya wazazi wa mayatima. Kompyuta ya zahanati ina rekodi za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa hizo zilindwe, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya tukio kugunduliwa. Faili moja iliyopakuliwa kwa haraka inaweza kuiletea kaunti nzima msukosuko huo.

Kanuni za kujikinga ni chache:

- Andika mwenyewe anwani ya mtengenezaji, kwa mfano support.hp.com kwa printa za HP, badala ya kubofya tangazo.
- Ingiza jina kamili la modeli, kisha uhakikishe tovuti imechagua toleo sahihi la Windows.
- Usilipe. Draiva kutoka kwa mtengenezaji hutolewa bure.
- Usipokee draiva kwenye flashi ya mtu usiyemjua, wala kupitia kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp.
- Windows ikiuliza kama programu iruhusiwe kufanya mabadiliko, soma jina la mchapishaji. Likiwa halijulikani, kataa.

Hatua ya sita: sakinisha kwa mpangilio

Faili ikishapakuliwa, funga hati zote zilizo wazi, kisha ubofye faili hiyo mara mbili na kufuata maelekezo. Kwa baadhi ya printa, kebo ya USB haifai kuunganishwa mapema. Programu yenyewe itasema ni wakati gani. Anayeiunganisha kabla ya wakati huifanya Windows ijichagulie draiva nyingine, na kazi huanza upya.

Katika hatua hii kompyuta nyingi zitaomba nywila ya msimamizi. Wapo wanaolalamika kwamba zamani haikuwa hivyo, na kwa kiasi fulani wana haki. Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro kubwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapishaji, iliyopewa jina la PrintNightmare. Mshambulizi angeweza kuitumia kuingiza draiva bandia na kuitawala kompyuta. Agosti mwaka huo, Microsoft ilibadilisha utaratibu ili draiva za printa ziwekwe na mwenye mamlaka ya msimamizi pekee. Kwa hivyo, ombi hilo la nywila ni ulinzi. Afisa wa TEHAMA aiandike mwenyewe. Isibandikwe ukutani wala kupewa kila anayepita.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuita foleni

Usakinishaji ukikamilika, chapisha ukurasa wa majaribio kupitia "Print test page" kwenye mipangilio ya printa hiyo. Ukitoka safi, chapisha ukurasa mmoja tu wa hati yenyewe, wala si nakala 200 kwa mpigo.

Lipo kosa dogo ambalo limewachosha wengi hapa. Draiva nyingi huja zikiwa zimepangiwa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Karatasi inayotumika Kenya ni A4, milimita 210 kwa 297. Draiva ikisema Letter na trei ina A4, baadhi ya printa husimama na kuwasha taa ya kuomba karatasi ingawa trei imejaa. Nyingine hukata mistari ya mwisho ya fomu, mahali pa sahihi na muhuri. Mipangilio ibadilishwe kuwa A4 siku ile ile ya kuweka draiva.

Draiva ikiwa sahihi na printa bado imenyamaza

Printa ya mtandao inaweza kuonyesha kwamba haipo hewani hata kama draiva ni sahihi. Mara nyingi umeme ukipotea na kurudi, kifaa cha mtandao huipa printa anwani mpya ilhali kompyuta inatuma kazi kwenye ile ya zamani. Afisa wa TEHAMA anaweza kuipangia printa anwani isiyobadilika. Kwa printa ya kebo, jaribu tundu jingine la USB na uhakikishe kwamba jina lililochaguliwa wakati wa kuchapisha ni la printa iliyopo mezani, si ya ile iliyoondolewa mwaka jana.

Changamoto nyingine ni printa kuukuu na kompyuta mpya. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi zinazohamia Windows 11 zinaweza kupata kwamba mtengenezaji hakuandika draiva mpya kwa printa yao. Kwa LaserJet nyingi zinazoelewa PCL au PostScript, HP hutoa draiva ya pamoja inayohudumia modeli nyingi, na watengenezaji wengine wana yao. Lakini zile printa zinazotegemea kompyuta kwa kila kitu hazisaidiwi na njia hiyo. Hapo ndipo ombi la printa mpya lina msingi, na karani ataweza kuandika sababu inayoeleweka badala ya neno "mbovu".

Wakati huo wananchi wasirudishwe nyumbani. Katika orodha ya printa, Windows ina chaguo liitwalo "Microsoft Print to PDF". Badala ya kutoa karatasi, huhifadhi fomu kama faili. Faili hiyo ikipelekwa kwenye kompyuta ya dawati jirani lenye printa inayofanya kazi, kwa flashi ya ofisi iliyokaguliwa virusi, fomu itatoka ikiwa na mpangilio ule ule.

Kwa vijana wa saiba

Wenye saiba wanachapishia wananchi vyeti, taarifa za ushuru na barua za kujiunga na shule. Kompyuta yao hutembelewa na makumi ya flashi na akaunti za barua pepe kwa siku. Draiva bandia kwenye mashine kama hiyo inaweza kufichua nywila za wateja wote. Hatua zilizoelezwa hapa zinawahusu sawasawa na karani wa wadi.

Kata na ubandike karibu na printa

1. Toa kopi au ukurasa wa majaribio bila kompyuta. Ikitoka safi, printa ni nzima.
2. Andika jina kamili la modeli, toleo la Windows na idadi ya biti.
3. Ondoa printa na draiva ya zamani. Futa kazi zilizokwama.
4. Acha Windows itafute draiva yenyewe kwanza.
5. Ikishindwa, pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee. Usilipe.
6. Sakinisha na afisa wa TEHAMA. Unganisha kebo unapoelekezwa.
7. Weka karatasi kuwa A4. Chapisha ukurasa mmoja kabla ya zote.
8. Hakuna suluhisho? Hifadhi kama PDF na uchapishe kwenye dawati jirani.

Wakati mzuri wa kufanya kazi hii ni siku printa inapowasili, au kompyuta inapobadilishwa, kabla wananchi hawajaanza kupiga foleni. Faili ya draiva iliyofanya kazi ihifadhiwe kwenye folda inayojulikana, pamoja na karatasi ya hatua ya pili. Karani akihamishwa, atakayechukua nafasi yake ataikuta printa inachapisha, na mzazi aliyetoka mbali kwa bodaboda atarudi nyumbani na fomu yake mkononi.